Mwiko wa fundi si mwiko kwa binti

LUGHA yetu ya Kiswahili imelipa neno mwiko maana tatu. Mwiko ni kile kijiti kipana anachosongea mama ugali jikoni. Mwiko ni kile chuma chenye mpini ambacho fundi mwashi hutandazia udongo au saruji juu ya tofali. Na mwiko ni jambo lililokatazwa, ambalo mtu akilitenda jamii humtazama kwa jicho la kumshangaa. Mwiko wa kwanza hakuna aliyewahi kumnyima mwanamke. Mwiko wa pili, kwa bahati mbaya, familia zetu nyingi zimeufanya kuwa ule wa tatu. Binti akisema anataka kusomea uashi, bomba au umeme wa majumbani, kwanza huchekwa, kisha hukatazwa, na mwisho huambiwa kwamba dini haimruhusu.

Ndugu wasomaji, katika makala yetu ya Ijumaa ya leo tunapenda kulitazama suala hili kwa utulivu, na tumeichagua Kashaulili iwe mfano wetu. Kashaulili ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, ambayo ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Tumeichagua kwa sababu hapo swali hili si la nadharia. Mji unajengwa, mabinti wapo, na kazi ipo. Kinachotakiwa kujulikana ni nani ataifanya kazi hiyo, na kwa daraja gani.

Mji unaokua na mikono inayotafutwa

Mpanda haikuanza kuwa mji jana. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakoloni walijenga reli kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi, na watu wakaanza kukusanyika kuzunguka mgodi na stesheni. Mgodi ulikuja kufungwa, lakini mji ulibaki. Mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Katavi kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa, na ofisi, maduka na nyumba za kupanga zikafuata.

Tazama hesabu za sensa. Mwaka 2012 Katavi ilikuwa na watu 564,604. Katika sensa ya mwaka 2022 idadi hiyo ilifika watu 1,152,958. Ndani ya miaka 10 tu mkoa umezidi mara mbili. Kila familia iliyoongezeka inahitaji paa la kulala, choo, darasa la watoto, zahanati, duka na msikiti. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachojengwa bila mwashi, seremala, fundi bomba, fundi umeme na mpaka rangi.

Aidha, sehemu kubwa ya majengo ya umma katika miaka ya karibuni imejengwa na mafundi wa mitaani chini ya utaratibu unaoitwa fosi akaunti, ambapo shule au zahanati hununua vifaa yenyewe na kuwapa kazi mafundi wa eneo husika. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa mfano, serikali ilielekeza kujengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Fedha za kazi kama hizo huingia moja kwa moja mikononi mwa mafundi wa kata. Basi tujiulize: katika mikono hiyo, ya mabinti zetu ni mingapi?

Mwanamke yupo kwenye ujenzi tangu zamani

Kuna dhana kwamba mwanamke kuingia kwenye ujenzi ni jambo geni lililoletwa na watu wa mijini. Dhana hiyo haisimami. Katika vijiji vyetu nyumba ya miti na udongo, baada ya wanaume kusimamisha miti na kufunga fito, mara nyingi hukandikwa na wanawake. Wao ndio huchota maji, huukanda udongo, huujaza ukutani, husiriba sakafu, na hurudia kazi hiyo kila mvua inapoibandua. Mwanamke anayejua udongo upi hupasuka ukikauka na upi hushika amekwisha kuwa na elimu ya ujenzi, hata kama hakuna aliyempa cheti.

Hata leo, ukipita penye nyumba inayojengwa mjini, si ajabu kumkuta mwanamke. Utamkuta akichota maji, akibeba mchanga kwa karai kichwani, akipisha matofali, au akiponda kokoto pembezoni mwa barabara chini ya jua kali huku mtoto akiwa amelala juu ya kanga. Huyo anaitwa saidia fundi au kibarua. Anafanya kazi nzito kuliko zote pale, na analipwa kidogo kuliko wote.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Wale wanaosema kazi ya ujenzi ni nzito mno kwa mwanamke hawasemi neno anapobeba karai la zege kichwani kutwa nzima. Husema tu pale anapotaka kuushika mwiko. Kumbe kinachokataliwa si uzito, bali ni ule ufundi wenyewe, pamoja na ujira na heshima inayoandamana nao. Saidia fundi anaweza kubeba karai miaka 20 na akastaafu kwa maumivu ya mgongo bila ya kuwa na lolote la kuonyesha. Aliyejifunza ufundi, kila nyumba anayoimaliza humwongezea jina, na jina hilo ndilo linalomletea nyumba inayofuata.

Ufundi ni kipimo kabla ya kuwa misuli

Hebu tuutazame ufundi wa uashi ulivyo. Kazi ya kwanza ya mwashi ni kuuweka msingi katika mraba. Hupima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili, kisha hupima kutoka ncha moja hadi nyingine. Akikuta mita 5 kamili, hujua kona yake imekaa sawa. Akikuta pungufu au zaidi, huisogeza kamba na kupima upya. Hii ni ile ile kanuni ya Pythagoras ambayo mwanafunzi hufundishwa akiwa kidato cha pili. Binti aliyeielewa darasani hana sababu ya kuishindwa uwanjani.

Kazi ya pili ni kuunyoosha ukuta. Hapa hutumika timazi kwa wima na pima maji kwa ulalo, na anayehitajika ni mtu mwenye jicho makini na subira ya kurudia. Kazi ya tatu ni mchanganyo. Kwa zege la kawaida mafundi wengi hufuata kipimo cha saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Fundi anayeiba saruji, au anayezidisha maji ili zege limwagike kwa urahisi, anaidhoofisha nyumba. Kazi ya nne ni kuilea kazi iliyokwisha kufanyika, yaani kulimwagilia zege maji kwa siku 7 au zaidi, kwa sababu saruji haiwi ngumu kwa kukaushwa na jua bali kwa kukutana na maji. Wengi wa mafundi wetu huiruka hatua hii, na nyufa hujitokeza baada ya mwaka mmoja.

Katika yote hayo, wapi palipohitajika ndevu? Mfuko wa saruji una kilo 50, na huo ni mzito kwa mwanamume na mwanamke pia. Fundi mwenye akili haubebi peke yake mgongoni, bali hutumia toroli au huunyanyua na mwenzake. Wanaume wengi waliojivunia kuubeba peke yao ujanani leo hawawezi kurukuu bila kushikilia ukuta.

Waislamu tunajua uzito wa kipimo. Qur'an Tukufu katika Suratur-Rahman imetuamrisha kusimamisha mizani kwa uadilifu, na katika Suratul-Mutaffifin imewaonya vikali wanaopunja vipimo. Fundi anayelaza timazi makusudi, au anayeweka nondo nyembamba mahali palipolipiwa nondo nene, amepunja kama apunjavyo muuza sukari. Tunachokihitaji katika miji yetu ni mafundi waaminifu, na uaminifu haukugawiwa kwa jinsia.

Dini yetu inasemaje?

Wapo wazazi wenye nia njema ambao hofu yao ni ya dini. Hao wanastahili kujibiwa kwa heshima.

Suratun-Nisaa, aya ya 32, imebainisha kwamba mwanamume ana fungu lake katika alichokichuma na mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma. Wanavyuoni wamelijenga juu ya msingi huo jambo ambalo Waislamu wote wanalijua: mali ya mwanamke ni yake. Mume hawajibikiwi kukabidhiwa ujira wa mkewe, na wajibu wa kulisha, kuvisha na kumpatia makazi unabaki juu ya mume hata kama mke anachuma. Mke akiamua kuchangia nyumba yake kwa hiari, hiyo ni sadaka yenye ujira mkubwa. Katika Bukhari imo habari ya Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (R.A.), aliyekuwa akimsaidia mumewe na mayatima waliokuwa chini yake. Mtume (S.A.W.) alimbashiria ujira wa aina mbili, wa udugu na wa sadaka.

Tuitazame pia kisa cha mabinti wawili wa Madyan katika Suratul-Qasas, kuanzia aya ya 23. Mabinti wale walikuwa nje ya nyumba, wakichunga na kutaka kunywesha mifugo penye kisima kilichojaa wachungaji wanaume. Walipoulizwa na Nabii Musa (A.S.) walieleza sababu, kwamba baba yao alikuwa mzee sana. Hawakulaumiwa kwa kuwepo pale. Walichosifiwa ni mwendo wao: walijitenga na msongamano, na mmoja wao alipokuja kumwita Musa alikuja akiwa na haya. Na ni mmoja wa mabinti hao aliyempa baba yake shauri la kumwajiri Musa, kwa hoja kwamba mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na aliye mwaminifu. Kanuni hiyo ya ajira, ambayo hadi leo hakuna aliyeipita, imetajwa na Qur'an kutoka kinywani mwa mwanamke mfanyakazi.

Katika Sahihi Muslim imo habari ya shangazi wa Jabir bin Abdullah (R.A.), upande wa mama, aliyeachwa na mumewe. Alipotaka kwenda kuvuna tende zake mtu mmoja alimkemea asitoke. Mtume (S.A.W.) alimruhusu aende akavune, kwani huenda akatoa sadaka au akafanya wema. Mama wa waumini Zaynab bint Jahsh (R.A.) naye alijulikana kwa kufanya kazi za mikono na kuvitoa sadaka vile alivyovichuma.

Na kuhusu ujenzi wenyewe, Bukhari amepokea kwamba mwanamke wa Kiansari aliyekuwa na kijana seremala ndiye aliyemwendea Mtume (S.A.W.) na kupendekeza atengenezewe mimbari ya mbao. Historia ya Kiislamu inamkumbuka pia Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, kwa mifereji na visima alivyovigharimia katika njia ya mahujaji wa Iraki na mjini Makka. Wanahistoria wanamtaja Fatima al-Fihri kuwa ndiye mwanzilishi wa msikiti wa Qarawiyyin mjini Fes, mnamo mwaka 859. Hawa hawakushika mwiko kwa mikono yao, lakini hawakuona kwamba ukuta na paa ni mambo yasiyowahusu.

Mipaka ipo, na hatuifichi. Sitara ya mavazi haiondoki kwa sababu ya kazi. Mwanamume na mwanamke wasio maharimu hawaruhusiwi kujifungia faragha wawili tu. Mwanamke mwenye mume atashauriana na mumewe, na binti atashauriana na wazazi wake. Hata hivyo, mipaka hii ni ya namna ya kufanya kazi. Anayeigeuza kuwa katazo la kazi yenyewe ameongeza jambo ambalo hakuagizwa.

Nyumba za Waislamu ndizo zinazowahitaji zaidi

Sasa tuligeuze swali. Badala ya kuuliza kama heshima ya mwanamke inamruhusu kuwa fundi, tuulize ni nani anayeilinda heshima ya mwanamke aliyeko ndani ya nyumba inayohitaji fundi.

Koki imepasuka saa nne asubuhi. Mume yuko kazini au safarini. Mke yuko ndani na watoto wadogo, na maji yanajaa sebuleni. Aitwe nani? Leo, karibu katika kila mtaa, ataitwa mwanamume asiyekuwa maharimu, ataingia hadi bafuni na jikoni, na pengine kukaa humo nusu siku. Hali ni hiyo hiyo kwa swichi inayotoa cheche chumbani, kwa rangi ya chumba cha mabinti na kwa vigae vya msalani. Sisi tunaosisitiza sitara kuliko watu wengine ndio tuliopaswa kuwa wa mwanzo kuwasomesha mabinti ufundi bomba, umeme wa majumbani, upakaji rangi na utandikaji wa vigae. Tunakubaliana bila ubishi kwamba mkunga na daktari wa wanawake ni vyema wawe wanawake. Hoja ile ile inabisha hodi katika mlango wa fundi.

Hili lina upande wa biashara pia. Fundi wa kike anayeaminika katika mtaa wa Waislamu ana soko ambalo mwenzake wa kiume halipati. Wanawake wataambiana wenyewe katika darsa, katika vikoba na penye shughuli za harusi. Inafaa tu atimize masharti ya taaluma. Fundi umeme, kwa mfano, anatakiwa awe na leseni ya EWURA ili kazi yake ya kutandaza nyaya itambulike, na leseni hiyo hutolewa kwa kutazama mafunzo na uzoefu.

Mifano iliyo karibu nasi

Anayedhani kwamba haya ni maneno matupu na aitazame Zanzibar. Katika kijiji cha Kinyasini, Kaskazini Unguja, tangu mwaka 2015 kipo kituo cha Barefoot College kinachowafundisha wanawake wa vijijini ufundi wa umeme wa jua. Wengi wao ni Waislamu, ni mama na nyanya wa watu, na baadhi yao hawakupata elimu ya kutosha ya darasani. Hujifunza kuunganisha vifaa, kuvifunga kwenye mapaa na kuvitengeneza vinapoharibika, kisha hurudi kuviwashia taa vijiji vyao. Ushungi wao haukuwazuia kushika bisibisi.

Nchini Rwanda, katika wilaya ya Kayonza, kilifunguliwa mwaka 2013 kituo cha wanawake ambacho matofali yake, yapatayo 450,000, yalifinyangwa na kuchomwa na wanawake wenyewe waliofundishwa kazi hiyo palepale. Nchini Kenya, shirika la Buildher la jijini Nairobi limekuwa likiwachukua wanawake vijana wa mitaa ya kipato cha chini na kuwafundisha useremala na stadi nyingine za ujenzi hadi wakaajirika. Katavi, ambako matofali ya kuchoma ni kazi ya kila siku, haina upungufu wa udongo wala wa wanawake hodari.

Milango iliyo wazi

Mafunzo ya ufundi stadi nchini yanasimamiwa na VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Fani za uashi, useremala, bomba, umeme na uchomeleaji hufundishwa kwa ngazi tatu, na binti aliyeishia kidato cha nne, hata kwa matokeo hafifu, ana nafasi ya kuanza. Aidha, yule ambaye amejifunzia kazini bila cheti, VETA ina utaratibu wa kumpima na kumtambua kwa ujuzi alionao. Mwanamke aliyekuwa akimsaidia mumewe au kaka yake fundi kwa miaka mingi asidhani kwamba amechelewa.

Kipo pia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya, kimojawapo cha vyuo vya aina hiyo ambavyo nchi yetu ilivianzisha tangu mwaka 1975 kwa ajili ya elimu ya watu wazima na vijana waliokosa njia ya kawaida ya shule. Kwa mkoa wa Katavi jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, kiwango kilichokuwa kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Novemba 2021 serikali iliwafungulia tena milango ya shule wasichana waliokatisha masomo kwa kujifungua. Lakini si kila mama kijana atarudi kukaa dawatini. Wapo watakaotaka kazi ya mikono itakayomlisha mtoto mwaka huu huu, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vimeendesha mpango wa Elimu Haina Mwisho unaowalenga wasichana wa namna hiyo. Tukimfungia mlango wa ufundi binti aliyeteleza au aliyeachika, tujue kwamba ipo milango mingine itakayomfungukia, na hatutaipenda.

Kuhusu mtaji, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya makundi, na katika hizo asilimia 4 ni za wanawake. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, na ukarejeshwa mwaka 2024. Mikopo hiyo haina riba, jambo ambalo Muislamu hana budi kulizingatia. Kikundi cha mafundi wa kike watano wenye toroli, jukwaa la kupandia na seti ya vifaa kinaweza kuomba kazi kama kikundi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo imeendelea kuyatengea makundi maalumu, wakiwemo wanawake, sehemu ya zabuni za serikali.

Yanayopaswa kurekebishwa uwanjani

Tusiwadanganye mabinti kwamba uwanja wa ujenzi ni bustani. Kuna kauli chafu. Kuna mafundi wakuu wanaotaka rushwa ya aibu kabla ya kutoa kazi. Kuna viwanja visivyo na choo, na mwanamke hulazimika kutokunywa maji kutwa ili asihitaji kujisitiri. Kuna ujira unaopunguzwa kwa sababu tu anayelipwa ni mwanamke. Hayo yote ni dhulma, na yanatajwa na sheria za nchi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi na unyanyasaji wa kijinsia kazini, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awe na vifaa vya kinga na vyoo. Na kabla ya sheria hizo, hadithi qudsi iliyomo katika Bukhari imemtaja mtu anayemtumikisha mwajiriwa akamaliza kazi yake kisha akamnyima ujira, kuwa ni miongoni mwa watu watatu ambao Allah (S.W.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Hadithi hiyo haikumbagua kibarua wa kike.

Ushauri wetu kwa mabinti ni huu. Makubaliano yaandikwe: kazi gani, kwa bei gani, malipo kwa awamu zipi. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imetuelekeza kuandika na kushuhudisha, na wanaodhulumiwa zaidi ni wale wanaoona haya kuandika. Waende kazini wawili wawili au kwa kikundi. Mavazi yawe ovaroli pana, au suruali pana chini ya gauni fupi, na ushungi ufungwe vyema ndani ya kofia ngumu, usining'inie, kwani nguo inayopepea karibu na grenda au mashine ya zege ni hatari ya kweli. Mikono ivaliwe glavu, kwa sababu saruji mbichi huunguza ngozi. Mjamzito asipande jukwaa wala asibebe mizigo mizito. Na wakati wa sala ukifika, saruji iliyogandamana na rangi ya mafuta viondolewe kwenye viungo vya udhu, kwani huzuia maji kuifikia ngozi. Ukumbusho huu ni wa mafundi wa kiume pia, ambao wengi wao huusahau.

Wito wetu

Kwa akina baba: mnaposema kwamba mtamlinda binti kwa kumzuia, fikirini nani atamlinda siku ambayo ninyi hampo. Mume anaweza kufariki, na talaka inaweza kutoka. Ufundi haurithiwi na ndugu wa marehemu wala hauuzwi kulipa madeni.

Kwa mafundi wakuu Waislamu: kila mmoja wenu mwenye vijana wanne wa kujifunza, na awe na binti mmoja miongoni mwao, hata akiwa ni binti yake mwenyewe au wa ndugu yake. Hapo maharimu atakuwepo, na hoja ya wasemaji itakuwa imekatika.

Kwa kamati za misikiti na madrasa za Kashaulili, Mpanda yote na kwingineko: ninyi mnajenga kila mwaka. Mnajenga ukuta, udhuio, vyumba vya madrasa, na sehemu ya kuswalia wanawake. Sehemu hiyo ya wanawake ingekuwa vizuri ianze kupakwa rangi, kutandikwa vigae na kufungwa mabomba na wanawake wenyewe. Mtakuwa mmepata kazi, wao watakuwa wamepata jina, na jamii itakuwa imeona kwa macho. Wapokelewa wamesimulia kwamba msikiti wa Mtume (S.A.W.) ulipokuwa ukijengwa Madina alikuwepo Talq bin Ali kutoka Yamama, na Mtume akaagiza aachiwe kazi ya udongo kwa sababu alikuwa hodari zaidi katika kuuchanganya. Kigezo kilikuwa ustadi, na kazi ikapewa mwenye nao.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape mabinti zetu elimu yenye manufaa, chumo la halali na waajiri wenye kumcha, na azijaalie nyumba tunazozijenga ziwe na misingi iliyonyooka. Amin.